Ubao Ulikuwa Umejaa

Mimi ni fundi wa nguo, naitwa Ruguru, na kibanda changu kiko nyuma ya soko la Embu. Mdomo wangu hauna breki. Mteja akiniletea kitambaa cha pazia akitaka suti ya harusi, namwambia ukweli wake hapo hapo. Nakuambia haya mapema usije ukadhani mimi ni mmoja wa wale wanaoona majini kila kona. Mambo haya yalimpata dada yangu mdogo, Wanja, na yalimpata kwa sababu ya ukaidi wangu.

Wanja alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpole, mtu wa kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Mimi nilikata nguo, yeye akashona vifungo na pindo. Tuliishi na Mama nje kidogo ya mji. Mama alipofuka miaka sita iliyopita, na tangu hapo kila tukitoka alisimama mlangoni akasema maneno yale yale: "Ruguru, unirudishie mtoto wangu." Nami namjibu, "Mama, huyu si mtoto, ni mzee mwenzangu," na Wanja anacheka mabega yakitikisika.

Sisi mafundi wa soko tuna chama, na kila Agosti tunafunika cherehani siku moja tukatembee. Mwaka juzi tulienda Mitunguu kuona mashamba ya ndizi, tukarudi tumepakata mikungu. Mwaka huu mwenyekiti wetu Gatwiri, mwanamke wa Meru aliyeolewa huku kwetu, alisema ndizi ameziona tangu azaliwe na hataki kuziona tena. Twende Kambi Ulanga, akasema.

Kambi Ulanga iko chini kabisa, ukishapita mashamba ya mtama na pojo ya Mbeere. Lami inaisha, vilima vinabaki miamba na miiba, na mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma kutafuta jani. Enzi za mkoloni ulikuwa mji wa machimbo. Walichimba ulanga, lile jiwe linalobanduka vipande vyembamba kama karatasi na kumetameta juani. Ulanga ulipoacha kuleta faida, watu wakaondoka, mji ukabaki. Sasa wenyeji wameufungulia watalii: kuna bango, choo kipya na soda.

Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi kwa gari la kukodi, wanawake wa chama na dereva wetu. Aliyetupokea ni Ndambiri, mwanamume wa makamo aliyekuwa akichota mchanga mtoni kabla ya kazi hii ya kuongoza wageni. Alikuwa na maneno matamu, akatuzungusha kila mahali. Tuliona duka la Mhindi, meza yake ya mbao bado imesimama na alama za visu. Tuliona nyumba ya meneja, beseni la kuogea la chuma likiwa na mjusi ndani. Tuliona kanisa lisilo na paa. Tulipiga picha, tukacheka, Wanja akavaa kofia ya Ndambiri na kusimama kama mzungu, mkono kiunoni. Picha hiyo ninayo.

Mwisho tukaenda kwenye mgodi. Ni handaki lililochimbwa ubavuni mwa kilima, unaingia ukitembea wima, na mdomoni kuna geti la chuma. Kando ya geti kuna ubao mkubwa wenye misumari, na kwenye kila msumari kibati cha shaba chenye nambari.

"Hii ndio ilikuwa rejista yao," Ndambiri alisema. "Karani alitaka kuhesabu watu akiingiza. Lakini nyinyi mnajua sisi. Mtu wa huku umnyooshee kidole, moja, mbili, tatu? Walikataa kabisa. Wakasema anayehesabiwa hupunguzwa. Sasa karani akaleta vibati. Unaingia na chako, ukitoka unatundika. Ubao ukijaa, watu wote wametoka, kengele inagongwa."

"Na makaburi ya hawa wachimbaji yako wapi?" Gatwiri aliuliza.

Ndambiri alivua kofia akajifuta jasho. Akatuambia kwamba Jumamosi moja wachimbaji walitaka kufika kwao mapema, na walikuwa na ujanja wao: waliokuwa karibu na mlango walipokezwa vibati vya wenzao waliokuwa bado ndani, wakavitundika, ili kengele igongwe upesi. Siku hiyo paa la handaki likaanguka. Karani akatazama ubao. Umejaa. Akaandika kwamba watu wote wametoka.

"Wake zao walikuja wakalia hapa siku nne," alisema. "Wakaambiwa ubao umejaa. Hakuna aliyechimbua. Kwa hivyo makaburi hakuna, Madam."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hayo mara mia. Kisha akaanza kutugawia vibati, ili nasi tuingie kama wao.

Mimi nilipewa cha kumi na saba. Kwetu saba ni nambari chafu. Hata mchawi na mganga hufanya mambo yao kwa saba. Mimi ninayejidai siamini mambo hayo, nilikishika kile kibati mkono ukaniwasha. Nikamgeukia Wanja nikamwambia, "Nipe chako, hiki kina kutu, kitanichafulia nguo." Alinipa bila swali. Alikuwa hivyo tangu utotoni.

Tuliingia na tochi. Hewa ilikuwa kavu, inanuka vumbi na chuma. Kuta zilimetameta. Mkoba wa Wanja na simu yake tulikuwa tumeviacha garini, kwa hiyo alikuwa na mkono mmoja umeshika leso na mwingine umenishika mimi. Mkono wake ulikuwa na joto na jasho, naukumbuka vizuri.

Tukafika mahali handaki linapopanuka kama chumba. Ndambiri akasema atazima tochi dakika moja, tuone giza walilofanyia kazi.

Akazima.

Sijawahi kuona giza la namna ile saa sita ya mchana. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Niliachia mkono wa Wanja ili nifunge kitambaa changu cha kichwa. Nilipopapasa tena niliupata mkono pale pale. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa baridi.

"Wanja, unaogopa?" nilinong'ona.

"Hapana," nikanong'onezwa.

Tochi zikawashwa, tukageuka, tukatoka mmoja mmoja, mimi mbele na yeye nyuma yangu. Jua la nje lilitupiga usoni, hatukuona kitu kwa muda. Kila mtu akatundika kibati chake. Wanja alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Kibati alichotundika kilikuwa kimelowa maji, na ndani ya lile handaki hapakuwa na tone.

Gatwiri, Mungu ambariki, akasema, "Akina mama, kabla hawajafunga, tujihesabu."

Na mimi ndiye niliyejibu. Nilijibu kwa sauti kubwa, watu wasikie. "Tangu lini watu wakahesabiwa kama madebe ya mahindi? Si umeambiwa ni mwiko? Tazama ubao. Umejaa."

Wakacheka. Ndambiri akafunga geti.

Jumapili tulienda kanisani. Wanja alikaa nyuma ya Gatwiri, mdomo umefungwa, hata nyimbo anazozipenda hakuimba. Nilifikiri ni uchovu wa safari. Tuliporudi nyumbani akatoka nje akakaa juani, kichwa wazi, macho yametazama juu. Alikuwa amekunywa maji jagi zima.

Saa saba simu yangu ikalia. Namba ngeni.

"Ni Ruguru? Hapa ni Ndambiri wa Kambi Ulanga. Madam, mlisahau mtu."

"Mtu gani?"

"Dadako. Nimefungua geti nikampata amekaa hapo ndani kwa mlango. Mguu umefura, hawezi tembea. Anasema mlizima tochi akaanguka, akaita, hakuna mtu alimsikia. Mkuje na gari, ama utume nauli nimtafutie pikipiki."

Nilitazama dirishani. Wanja alikuwa amekaa juani.

"Ndugu yangu," nikasema, "umejaribu. Dadangu namwona kwa macho yangu."

"Ngoja uongee na yeye."

Nikasikia simu ikipitishwa. Halafu ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina langu. "Ruguru. Ruguru, ni mimi. Kuja unitoe hapa. Niko na kiu."

Ilikuwa sauti ya Wanja. Sitakudanganya, moyo ulinipasuka. Lakini wiki ile ile redio ilikuwa imetuonya kuhusu matapeli wanaoiga sauti za watu kwa kompyuta, wanakupigia wanalia kama mwanao ili utume nauli. Na Wanja alikuwa pale, nje, nyumbani kwa Mama. Nani asingeamini macho yake? Nikasema, "Mtafute kazi ya kufanya, wezi nyinyi." Nikakata, nikaifungia ile namba isinipate tena.

Jioni Gatwiri akanipigia. "Hata mimi wamenijaribu! Nikawaambia, Wanja gani, si tumetoka naye kanisani leo?" Tukacheka mpaka akaanza kukohoa. Mara nyingi nakumbuka kile kicheko nikiwa nimeinamia cherehani, na inanibidi nisimame.

Jumatatu kibandani Wanja alishika sindano kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika mpini. Hakuweza kupitisha uzi. Vifungo vyote alivipanga mezani kwa mstari, akaviangalia, akavitoa, akavipanga upya. Nilimwambia aende nyumbani akalale. Alienda, lakini hakulala. Mama aliniambia alisikia mtu amesimama katikati ya sebule tangu saa nane hadi niliporudi.

Jumanne tulibaki nyumbani, na wakati wa chai ya saa nne nilimpa kikombe ampelekee Mama. Mama alikipokea, akaushika na mkono uliokileta. Akaupapasa kiganja, vidole, kiganja tena. Polepole akauachia.

"Ruguru," aliita. Nikaja. Alingoja hatua za Wanja zifike uani, kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Huyu ni nani?"

"Mama, ni Wanja."

"Mkono huu umeshika sururu miaka mingi. Ruguru, mtoto wangu uko naye wapi?"

Nilimwambia macho yamemwondoka na sasa akili inafuata. Ndivyo nilivyomwambia mama yangu mzazi. Alijifunika uso kwa kanga akalia bila sauti, na chai ikapoa mbele yake.

Siku hiyo sikula. Jumatano asubuhi nilimkuta Wanja uani, amesimama penye jua. Jua lilikuwa nyuma yake. Ngozi ya shingo ilikuwa inabanduka vipande vyembamba, na vipande vilimetameta.

Nikasimama mbali. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani?"

Hakugeuka.

"Baba yetu aliitwa nani?"

Kipande kimoja kikaanguka kwenye vumbi.

"Jina lako. Niambie jina lako tu."

Akainua mkono, akaunyoosha kama mtu anayetundika kitu ukutani. Akanong'ona kwa sauti kavu ya kiume, "Kumi na saba."

Nilimtoa Mama kwa mlango wa jikoni, nikampeleka kwa jirani yetu Munyi. Nikamwomba Munyi asimwondolee macho yule aliyeko uani, wala asimkaribie. Hakuelewa, lakini aliona uso wangu, akakubali. Nikachukua pikipiki mpaka Kambi Ulanga, mwendo wa saa mbili na nusu. Njia nzima nilikuwa nikisema, Wanja ningoje. Wanja ningoje.

Ndambiri alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka la Mhindi. Kando yake kulikuwa na godoro, sufuria ya uji na kopo la maji. Aliponiona alisimama, lakini hakuja kunipokea. Alikuwa ananiogopa.

"Yuko wapi?" nilimuuliza.

"Madam, si ulikuja jana ukamchukua?"

Nilitikisa kichwa. Akakaa tena chini, akanieleza akitazama godoro. Wanja alikaa pale siku mbili. Walimfunga mguu, wakampa uji. Ndambiri alinipigia mpaka akachoka, akampigia Gatwiri, akaenda kwa chifu mdogo, akaambiwa gari litapatikana Jumatano. Wanja alikataa kupelekwa mbali na pale. Alisema, "Dada yangu ana maneno makali, lakini atakuja. Akija asinikose."

"Na jana?"

"Jana saa saba tukasikia ukimwita kwa mgodi. Wanja! Wanja! Hata mimi nilikusikia, Madam. Sauti ni hii hii unaongea nayo sasa. Nikashangaa ulipitia wapi na geti ndio lile. Yeye alifurahi. Akaamka na ule mguu wake, anacheka mabega yakitikisika, akasema, 'Si nilikuambia?' Nikaenda kukuletea soda. Kurudi, geti limefungwa na kufuli vile nililifunga mimi. Yeye hakuwa nje."

Tuliingia na vijana wa kijiji, na tochi, na kamba. Tulifika mpaka kwenye mawe yaliyoanguka zamani, mahali handaki linapokoma. Niliita mpaka sauti ikakatika. Hatukupata kitambaa wala kandambili. Polisi walikuja Alhamisi, wakaandika, wakatazama ubao, wakaniuliza kama mimi na dada yangu tulikuwa na ugomvi wa shamba. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningeuliza hivyo hivyo.

Lakini lazima nikurudishe Jumatano ile jioni, nilipofika nyumbani. Jua lilikuwa bado lipo. Uani hapakuwa na mtu. Munyi alinijia anatembea haraka, uso umekunjamana.

"Ruguru, wewe unanichezea? Saa sita umekuja na kumshika mkono yule dadako mkaenda. Nimekusalimia hujajibu. Na huyu mama yako ameanza kupiga kelele nimshike asitoke, eti huyo si wewe."

Nilipita nikaingia kwa Mama. Alikuwa amekaa kitandani kwa mke wa Munyi, mgongo ukutani. Nilisema, "Mama, ni mimi." Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu: kibati nilichobadilisha, simu niliyokata, maneno niliyomwambia Jumanne. Nikasema, "Sikukurudishia mtoto wako." Hapo ndipo alipolia, na kwa kile kilio nikajua ananiamini. Aliomboleza kwa Kiembu, vile wanavyoomboleza wafu, na mke wa Munyi akatoka nje kwa sababu hakuweza kuvumilia.

Kulipokuwa bado kuna mwanga, Munyi alinionyesha uani. Kwetu udongo ni mwekundu, na wakati wa Agosti unakuwa unga. Palikuwa na nyayo za watu wawili zikitoka mlangoni kuelekea getini. Za mmoja zilikuwa za miguu mitupu, pana, vidole vimetawanyika. Za mwingine zilikuwa za viatu, na soli ya kushoto ilikuwa na ufa katikati. Nilikaa chini nikavua kiatu changu cha kushoto, nikakipindua: ufa ule ule. Munyi akageuza uso.

Zile nyayo za viatu zilianzia mlangoni. Hakuna zilizoingia. Nilitafuta ua mzima, hata nyuma ya choo.

Mvua za Oktoba zilikuja, udongo ukawa tope, maji yakapita uani mpaka kwenye kahawa. Nyayo za miguu mitupu zilifutika siku ya kwanza. Zile za viatu zipo. Nimezichimba kwa jembe, nimemwaga kokoto juu yake, Munyi akazifunika kwa simenti nusu gunia. Zimetokea juu ya simenti. Mama huniuliza kila asubuhi kama bado zipo, nami humwambia zipo, kisha ninazipitia kando niende kazini.